Silasi Alivyoacha Mabehewa Akawa Mkunga

Watu wa Ipuli, mtaa wa mjini Tabora, waliomjua Silasi Mlekwa miaka ile walimjua kwa mizigo. Ukitaka kujua saruji yako itafika lini Kigoma, au mahindi ya Mpanda yamekwama wapi, ulimwuliza yeye. Alikuwa na shahada ya usafirishaji aliyoisomea Dar es Salaam, alikuwa na meza yake katika ofisi ya kampuni moja ya mizigo karibu na stesheni ya Tabora, na alikuwa na sifa ya kutopandisha sauti hata mteja afoke namna gani. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na mke, watoto watatu, na nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo upande wa jikoni ulikuwa bado unadai bati. Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kugeuka. Kwa hiyo aliposema anaacha kazi na kurudi chuoni kuchukua shahada nyingine, tena ya uuguzi na ukunga, wenzake ofisini walicheka kwanza, kisha wakaulizana pembeni kama ana matatizo nyumbani.

Hakuwa na matatizo nyumbani. Jambo lilimpata kwenye treni.

Alikuwa anatoka Kigoma alikokwenda kukagua mzigo. Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo, na treni ilipofika Usinge ikasimama, maana huko mbele maji yalikuwa yamepita juu ya reli. Abiria wakaambiwa wasubiri. Jua likapanda. Wengine wakashuka wakanunua mihogo ya kuchemsha, wengine wakatandika khanga vivulini wakalala. Silasi alibaki ndani. Mbele yake alikaa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akihangaika na furushi lake la migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Kamba ya katani ilikuwa imeingia fundo gumu, na vidole vya mama yule vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, havikuweza kulifungua. Silasi akamwomba furushi, akalishughulikia lile fundo taratibu, bila kisu, mpaka likalegea lenyewe. Mama akamshukuru. Akasema yeye ni Zuena, wa Ng'ambo pale Tabora, na kwamba alistaafu ukunga baada ya vidole kumwasi.

Hawajamaliza mazungumzo, sauti ikatoka viti vya nyuma. Mwanamke kijana aliyepandia Nguruka, anayesafiri peke yake kwenda kujifungulia kwa mama yake Tabora, alikuwa ameshikwa na uchungu. Wanawake wakamzunguka, wakafunga khanga kuwa pazia, wakawaondoa wanaume. Bi Zuena akaingia ndani ya pazia. Baada ya kitambo akatoa kichwa nje akauliza ni nani miongoni mwa wanawake anaweza kumpokea mtoto, maana yeye ataelekeza lakini mikono yake haishiki. Mmoja akasema hawezi kuona damu. Mwingine akaanza kulia. Wa tatu, aliyekuwa amemshika mzazi mabega, akasema akimwachia ataanguka.

Bi Zuena akamtazama Silasi, aliyekuwa ameanza kujisogeza mlangoni kama wanaume wenzake.

"Wewe uliyefungua fundo," alisema. "Kanawe mikono. Nawa mpaka viwikoni."

Silasi hakupata nafasi ya kubisha. Alinawa kwa sabuni ya kipande na maji ya dumu, akapiga magoti pale alipoambiwa. Kilichofuata alikikumbuka baadaye kama sauti tu, sauti ya Bi Zuena sikioni mwake, tulivu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Usivute. Ngoja. Weka kiganja hapo, usisukume, kinga tu. Kichwa kilipotoka, kitovu kilikuwa kimezunguka shingo, na Bi Zuena akamwambia apitishe kidole chini yake akiinue juu ya kichwa, kama mtu anayemvua mtoto shanga. Alipitisha kidole. Kitovu kikalegea. Mtoto akamtelezea mikononi akiwa na joto na uzito ambao Silasi, pamoja na watoto wake watatu, hakuwahi kuujua, kwa sababu watoto wake alikuwa amekabidhiwa wakiwa wameshaoshwa na kufungwa nguo.

Mtoto akalia. Behewa zima likapiga vigelegele. Silasi akatoka nje, akakaa kando ya reli.

Aliporudi Tabora alimweleza mkewe Julieth mkasa wote, wakacheka, wakashangaa, wakalala. Ofisini akaendelea na mabehewa yake. Lakini miezi ilivyopita aliona kuwa kazi imemwishia ladha. Mteja akimpigia simu kulalamika, anajibu vizuri, huku moyo uko Usinge. Jumapili moja alinunua sukari na majani ya chai akaenda Ng'ambo kumsalimu Bi Zuena. Alimkuta barazani, nyuma ya safu ya mafundi cherehani, anachambua mchele kwa vidole vyake vile vile vilivyopinda.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, Silasi akalitoa lake. Alisema alipokuwa kidato cha sita alisoma fizikia, kemia na baiolojia, akitaka udaktari. Alama hazikutosha, akaenda alikopangiwa. Sasa anafikiri kurudi chuoni, siyo kwa udaktari, kwa ile kazi aliyoishika siku moja.

Alitarajia mama yule atafurahi. Bi Zuena aliendelea na ungo wake.

"Yule wa treni alikuwa mwepesi," alisema hatimaye. "Ukiitaka kazi hii, usimfikirie mtoto aliyelia. Fikiria siku utakayopokea mtoto asilie, na mama yake anakutazama. Kesho yake utaamka urudi kazini?"

Bi Zuena akamwambia hakumwuliza ili ajibu pale, akamkaribisha chai.

Alikaa na swali hilo kipindi kizima cha kiangazi. Kisha akamwambia Julieth. Julieth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Unataka kuondoka nyumbani, au unataka kusoma?"

"Nataka kusoma."

"Basi mimi sina neno. Neno liko Ndala."

Ndala, wilayani Nzega, ndiko alikozaliwa Julieth, na ndiko alikoishi mama yake, Mama Benigna. Na anayewajua Wanyamwezi wa kule anajua kuwa mkwe siyo mtu wa kuchezea. Katika ukoo ule mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye chakula, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha vichakani. Silasi alikuwa ameishika desturi hiyo miaka yote ya ndoa bila kuona uzito. Alimpenda mama yule. Kila alipokwenda Ndala, Mama Benigna alimsalimu kutoka nyuma ya mlango, akamwuliza habari za wajukuu, akamtolea ugali wa mtama na karanga, na yeye akajibu akiwa ameinamisha kichwa. Salamu hizo zilikuwa na utamu wake.

Safari hii kikao kilikaa uani. Msemaji alikuwa Zablon, kaka mkubwa wa Julieth, mtu mnene mwenye kupenda vikao. Mama Benigna alikuwa ndani, mlango umerudishwa. Zablon alisema familia haina ugomvi na masomo. Uuguzi ni kazi njema, hata Ndala pale misheni wapo wauguzi wanaume na wanaheshimika. Ila ukunga, hapana. Silasi akasema katika shahada ile uuguzi na ukunga vinakwenda pamoja, na kwamba yeye hasa anautaka huo ukunga.

Kisha sauti ya Mama Benigna ikasikika, ikisema na Zablon, siyo na yeye.

"Mwulize. Mwanamume ambaye ameona uchi wa mama za watu wote, mimi atanisalimia kwa macho gani?"

Silasi alisema kwa adabu kuwa macho yake yatabaki chini kama siku zote. Kikao kiliisha bila baraka na bila laana. Tangu siku hiyo, alipokwenda Ndala chakula kilitoka kama kawaida, lakini salamu haikutoka. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Akaenda chuoni hivyo hivyo. Chuo alichopata kilikuwa Dodoma. Nyumbani kukabaki kutegemea mshahara wa Julieth na shamba la mpunga, na watoto wakajifunza kuishi bila mambo mengi waliyoyazoea. Chuoni wanafunzi wenzake walikuwa na umri wa kuwa watoto wake. Walimwita Anko. Walimtuma kwa wahadhiri wanapotaka jambo, kwa kuwa alikuwa na uso wa mtu mzima, na yeye aliwauliza namna ya kufungua masomo kwenye kompyuta. Anatomia aliiweza kwa kukariri akitembea. Biokemia ikamshinda. Akapata sapu, yaani arudie mtihani, na akarudi Tabora likizo akiwa amekata tamaa, ameshaanza kufikiria ni nani katika ofisi yake ya zamani anaweza kumrudisha.

Julieth hakumbembeleza. Jioni, baada ya vyombo kuoshwa, alikaa naye mezani akamwambia amfundishe yeye hiyo biokemia, polepole, kama anavyofundisha yeye darasa la tatu. Silasi akaanza kueleza namna sukari inavyovunjwa mwilini. Julieth akamkatiza kila alipotumia neno ambalo Silasi mwenyewe hakuweza kulieleza, na ikawa mara nyingi. Ikawa hivyo likizo nzima. Mwishoni Julieth aliweza kumweleza jirani yao kwa nini mtu mwenye njaa anakuwa na hasira, na Silasi alifaulu mtihani wake.

Mwaka wa pili wakaanza kwenda wodini. Mwanamke wa kwanza aliyepangiwa alimwona akiingia na glavu mkononi, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Wewe baba, toka."

Silasi akatoka. Alisimama ukumbini na aibu yake, wasichana wa darasani kwake wakipita na vifaa. Mwalimu wao wa mafunzo, mama mmoja wa Kihaya aitwaye Advera, alimkuta hapo. Silasi akaanza kujieleza. Mwalimu Advera akamwambia haina haja ya maelezo, yule mama ametumia haki yake, na kazi yake yeye ni kuheshimu, siyo kununa. Kisha akamwuliza: je, kabla ya kuvaa glavu ulimsalimu? Ulimwambia jina lako? Ulimwomba?

Hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Alikuwa na hofu, akaingia kama fundi aliyeitwa kuziba bomba. Kuanzia siku ile akajiwekea utaratibu. Anaingia mikono mitupu. Anasimama upande wa kichwa, anasalimu, anataja jina, anasema yeye ni nani na anaomba. Akikataliwa anashukuru na kwenda kumtafuta mwenzake wa kike. Wengine waliendelea kumkataa. Wengi zaidi walimkubali, na baadhi walisema hawakuwahi kuombwa na mtu yeyote hospitalini.

Siku aliyoisema Bi Zuena nayo ikaja, mwaka wa tatu. Mtoto alizaliwa kimya, wakahangaika naye, wakashindwa. Mama yake alimtazama Silasi. Silasi ndiye aliyemfunga mtoto yule kitambaa, akampa mama yake amshike. Usiku ule hakula. Asubuhi akaamka, akavaa sare, akaenda.

Mahafali yake walikuja Julieth, watoto, na Zablon, ambaye alikula vizuri na kutoa hotuba isiyoombwa. Mama Benigna hakuleta neno.

Baada ya mwaka wa mazoezi akapata ajira kwenye kituo cha afya huko Ulyankulu. Alikuwa amevuka arobaini na sita, na mkuu wa wodi ya wazazi, Yustina, alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Mshahara ulikuwa chini ya ule wa mabehewa. Mwisho wa wiki, njia ikiruhusu, alipanda pikipiki kwenda nyumbani Ipuli, na njia isiporuhusu alibaki. Hakuwahi kusema kuwa ni rahisi.

Ulyankulu yenyewe ilianza kama makazi ya wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka sabini na mbili. Siku hizi ni vijiji vya wakulima kama vingine, mahindi, tumbaku, maharage, kanisa Katoliki limejaa kila Jumapili, na wazee bado wanasema Kirundi wakiwa wao kwa wao. Kina baba walimwangalia Silasi kwa mashaka. Mmoja alimleta mkewe, alipomwona mkunga ni mwanamume akamgeuza warudi nyumbani. Aliyelainisha mambo alikuwa mwanamke wa kwaya, Irankunda, mke wa Viktori Ntakirutimana. Mimba ya nne alimkataa Silasi waziwazi, akazalishwa na Yustina. Mimba ya tano alimkuta Silasi peke yake zamuni, akamkubali kwa shingo upande. Wiki mbili baadaye, nje ya kanisa, aliwaambia wenzake jambo moja ambalo lilizunguka vijiji vyote: "Yule anauliza kabla ya kugusa." Hakukuwa na tangazo lililozidi hilo.

Sasa, mdogo wake Julieth, Paskazia, alikuwa ameolewa na mwalimu wa sekondari ya huko huko Ulyankulu. Akapata mimba yake ya kwanza. Mama Benigna akaja kutoka Ndala kumwuguza binti yake, na kabla hajaja ilikubaliwa kwa simu, Julieth akiwa katikati, kwamba Yustina ndiye atakayemzalisha, na Silasi hatakuwepo chumbani. Silasi alikubali. Aliona ni haki.

Mipango ni ya watu. Siku Paskazia aliposhikwa, ilikuwa Februari, mvua imetengeneza matope barabara nzima, na Yustina alikuwa ameondoka asubuhi na gari la wagonjwa kumsindikiza mzazi mwingine hospitali ya mkoa. Kituoni alibaki Silasi, mhudumu mmoja wa kike, na tabibu aliyekuwa upande wa pili anashona majeraha ya mtu aliyeanguka na baiskeli. Bajaji ikaingia getini. Silasi alitoka mlangoni kupokea mgonjwa, akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake.

Mama Benigna akageuka mara moja, akavuta khanga kufunika kichwa. Silasi akarudi ndani hatua kadhaa, akasimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo mama," alisema.

Kilikuwa kimya cha miaka saba. Kisha, "Marahaba. Yule binti yuko wapi?"

Silasi akamweleza. Yustina yuko Tabora, na kwa njia ile hatarudi kabla ya jioni. Tabibu ana mgonjwa mezani. Nje, Paskazia alikuwa ameinama, ameshika ukuta, na kwa namna alivyopumua Silasi alijua kuwa hakuna kusubiri jioni.

"Mama," alisema kutoka nyuma ya mlango, "mwenye kuamua ni Paskazia. Naomba ruhusa nimwulize yeye."

Paskazia, uchungu ulipompa nafasi ya kupumua, ndiye aliyejibu.

"Shemeji, fanya kazi yako. Mama, wewe geuza uso."

Wakaingia hivyo. Mama Benigna akakaa kwenye kigoda upande wa kichwa cha binti yake, amempa Silasi mgongo, ameshika mikono miwili ya Paskazia, macho yake dirishani. Silasi akakaa upande wake, hakuinua macho kupita pale kazi ilipomhitaji. Maelekezo aliyatoa kwa sauti ya chini, na Mama Benigna akayarudia kwa Kinyamwezi sikioni mwa binti yake, kama hayakutoka kwa mtu yeyote. Mtoto akazaliwa kabla ya saa sita, wa kike, akalia kwa nguvu. Mama Benigna akamkumbatia binti yake bila kugeuka.

Kondo la nyuma likatoka. Na baada yake ikaja damu ambayo Silasi hakuipenda.

Alichoma sindano ya kukaza mji wa mimba. Akabonyeza tumbo, akaukuta bado laini. Akamtuma mhudumu akimbie kumwita tabibu na kuleta dripu. Alihitaji kutafuta mshipa haraka, na alihitaji tumbo lisuguliwe bila kuachwa. Mikono yake ilikuwa miwili tu. Uso wa Paskazia ulikuwa unapauka.

"Mama, nahitaji mkono wako."

Mgongo wa Mama Benigna ukakakamaa.

"Niuweke wapi?"

"Nipe. Nitauweka mimi."

Akaunyoosha mkono nyuma bila kutazama. Silasi akaushika, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, akauweka chini ya kitovu cha Paskazia, akaufunika kwa wake na kuukandamiza kwa duara. Akamwambia asugue hivyo, kwa nguvu, asiogope, asiache mpaka aambiwe. Lakini mtu hawezi kusugua kwa nguvu akiwa amegeuka. Mama Benigna alijaribu, akaona mkono unateleza. Basi akainuka, akageuka mzima mzima, akaweka mikono yote miwili.

Wakatazamana. Haikuwa muda mrefu. Silasi akainamia mkono wa Paskazia kutafuta mshipa, na Mama Benigna akasugua kama mwanamke aliyekanda unga na udongo maisha yake yote. Mhudumu akarudi na dripu, na ilipoanza kwenda Mama Benigna alisema, "Hapa pamekuwa pagumu." Silasi akagusa. Kweli, mji wa mimba ulikuwa umekaza, duara gumu chini ya kiganja, na damu ilikuwa inapungua. Tabibu alipoingia na jasho alikuta hatari imepita. Alimwangalia yule mama akiwa bado anasugua, akamwambia sasa anaweza kuacha. Mama Benigna akasema ataacha akiambiwa na aliyemwambia aanze.

Silasi akamwambia aache.

Mama Benigna alitoka nje akanawa mikono bombani, muda mrefu, akajifunika khanga upya. Alikaa Ulyankulu mpaka Paskazia alipopata nguvu, na katika siku zote hizo akarudi kumpisha Silasi njiani. Aliondoka bila kuaga. Silasi akadhani ameharibu kila kitu, na akamwambia Julieth hivyo. Julieth akasema asubiri.

Mahindi yalipokauka Zablon akampigia Silasi simu: anaitwa Ndala. Alienda na Julieth. Kikao kile kile, ua ule ule, mlango umerudishwa. Zablon akaeleza kwa kirefu kwamba ukwe umevukwa, watu wameshikana mikono na kuonana macho, na kwa desturi ya ukoo wao mkwe anatoa kuku na jembe jipya ili mambo yarudi mahali pake. Silasi alikuwa amekuja navyo vyote viwili. Akavitoa. Zablon akawa anasimama kufunga kikao.

"Kaa, Zablon," ilisema sauti ndani. Mlango ukafunguliwa kidogo, na kuku wa pili akasukumwa nje, akifuatiwa na jembe la pili. "Na mimi natoa. Mkono ulikuwa wangu pia."

Hakuna aliyewahi kusikia mama mkwe akitoa faini hiyo. Wazee wawili wa ukoo waliokuwa kikaoni wakanong'onezana, mwishowe wakakubali kwamba hakuna panapokatazwa. Kuku wote wawili wakapelekwa jikoni.

Wakati wakisubiri chakula, Mama Benigna akamwita Zablon mlangoni, akamtuma kwa Silasi. Kuna mke wa jirani ana mimba, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, afanye nini? Zablon akalileta swali. Silasi akauliza kama anaona nyota machoni. Zablon akalipeleka. Jibu likarudi na maswali mengine, kila moja la ndani zaidi ya lililotangulia, mpaka Zablon, mtu wa vikao, akajikuta katikati ya ua ameagizwa kuuliza jambo ambalo mdomo wake haukuweza kulitamka mbele ya dada yake. Akakaa chini akasema yeye hapeleki tena.

"Basi nitauliza mwenyewe," alisema Mama Benigna.

Akauliza, kutoka nyuma ya mlango, na Silasi akajibu akiwa ameinamisha kichwa. Alimwambia mwanamke yule asingoje kesho, apelekwe hospitali leo hii, na Mama Benigna akamtuma mtu papo hapo. Kisha akaendelea na mengine, ya jirani, ya mabinti wa ukoo, na mwisho ya kwake mwenyewe, magoti na presha. Walizungumza mpaka chakula kikaiva. Chake Silasi kikaletwa peke yake uani, kwenye sahani iliyofunikwa, kama inavyotakiwa.